UZI: Kumgeuza na kumsimamisha mgonjwa huanza na maneno, mikono hufuata

NesiWaAmu

Assalam aleikum wana jukwaa. Nyuzi za dawa, dalili na gharama za matibabu zimejaa humu. Ila kazi inayokula sehemu kubwa ya zamu ya muuguzi sijaona ikizungumzwa: kumgeuza mgonjwa, kumkalisha, kumsimamisha, kumfikisha chooni na kumrudisha. Wengi huiona kazi ya misuli, ya kuitiwa vijana wawili wenye mabega. Mimi niko wodini hapa Amu (mji wa Lamu), na ninachotaka kusema ni kwamba mgonjwa hujongea kwa kadiri anavyomwamini aliyemshika. Mwenye hofu hujikaza. Akijikaza huwa mzito, huumia yeye, na mgongo wa muuguzi nao huumia.

Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, aliorodhesha mahitaji 14 ya msingi ya mgonjwa. Kujongea na kukaa mkao unaofaa aliliweka la nne, baada ya kupumua, kula na kunywa, na kwenda haja. Akasema muuguzi humfanyia mgonjwa yale ambayo mgonjwa mwenyewe angejifanyia lau angekuwa na nguvu, nia au maarifa. Kisha akaongeza jambo ambalo huku kwetu tunalisahau: afanyiwe kwa namna itakayomrudisha kujitegemea haraka iwezekanavyo.

Tunalisahau kwa sababu ya mapenzi. Mama akilazwa, watoto, wajukuu na majirani humzunguka. Akitaka maji, hunyweshwa. Akinyoosha mkono kuchukua kitana, mkono hurudishwa: "Mama tulia, usijisumbue." Baada ya wiki mbili mkono ule uliokuwa na nguvu nao umelegea. Misuli isiyotumika hupungua upesi, na kwa mzee hupungua upesi zaidi. Viungo hukakamaa, kifua hujaa makohozi, choo hufunga, damu huweza kuganda miguuni. Yote hayo hutokea bila ugonjwa mwingine kuongezeka.

Sasa nieleze tunavyomgeuza mtu, kwa sababu ufundi na adabu hapa haviachani.

Kwanza hodi. Hata kama ni pazia tu, pazia la mgonjwa ni mlango wake. Sabalkheri, jina lake au cheo chake cha heshima (bibi, mwalimu, sharifu, kama anavyoitwa kwao), kisha unajitaja wewe ni nani. Halafu unamwambia utakalofanya kabla hujamgusa: "Bibi, nataka tukugeuze uelekee dirishani. Mkono wako wa kulia una nguvu, nikikwambia shika ukingo wa kitanda. Goti hili tulikunje. Nitahesabu moja, mbili, tatu, na kwenye tatu tunakwenda pamoja." Na umngojee aitikie. Kimya chake si ruhusa.

Kisha shuka au leso iliyokunjwa iwe chini yake, kutoka mabegani hadi mapajani. Wawili mkabiliane, mmoja kila upande, mkunje leso karibu na mwili wake, mmuinue kidogo ndipo mumsogeze. Asiburutwe. Ngozi ikiburutwa juu ya shuka huchubuka, na nyama ya ndani huvutwa upande mmoja ilhali mfupa umebaki upande mwingine. Vidonda vingi vibaya huanzia huko ndani bila kuonekana. Akiwa ubavuni, asilazwe juu ya mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mwegemeze nyuma kama nyuzi 30 kwa mto mgongoni, mto mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee. Mikunjo ya shuka inyooshwe, makombo ya mkate yaondolewe.

Wewe mwenyewe: miguu ipanuke, magoti yakunjwe, mgonjwa awe karibu na kifua chako, kitanda kiwe usawa wa nyonga zako kama kinapandishwa. Usijipinde kiuno huku umebeba. Wauguzi wengi wazuri mgongo ndio uliowaondoa wodini.

Mkaazi_Langoni

Ahsante sana. Lakini niseme ukweli, hii ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili mimi naiona ni kumtesa. Baba yangu alikuwa anapata usingizi kidogo, nesi anaingia, anamwamsha. Mzee wa watu mwacheni apumzike.

NesiWaAmu

Nakuelewa, na hasira yako ina msingi. Kama aliingia, akawasha taa, akamgeuza bila neno na akaondoka, hiyo si huduma.

Ila tazama kinachotokea kwenye ngozi. Mtu mzima wa afya hujigeuza usingizini mara nyingi bila kujua. Asiyeweza, uzito wake wote hukaa mahali pamoja, mfupa ukibana nyama dhidi ya godoro. Mishipa midogo ya damu hufungika, na nyama isiyopata damu kwa saa chache huanza kufa. Sehemu za hatari ni juu ya matako pale uti unapoishia, visigino, nyonga, vifundo, viwiko, mabega, kisogo, hata masikio. Kidonda huanza kwa doa tu, kikiachwa hufika mfupani.

Vitabu husema tazama wekundu. Ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia mgongo wa mkono: je, pale pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama tope? Rangi imekoza, ya zambarau au imeiva kuliko kando yake? Anaumia akiguswa? Kwa mwenye ngozi nyeupe, bonyeza kwa kidole. Pasipogeuka peupe ukiachia, kidonda kimeshaanza. Na mahali hapo pasisuguliwe hata kidogo. Najua mkono wa mama wa Kiamu hukimbilia mafuta, lakini kusugua nyama iliyoumia huizidisha. Wala mpira wa duara wa kukalia usiwekwe. Hukata damu kuzunguka kidonda.

Kuhusu usingizi: saa mbili ni desturi nzuri ya kuanzia, wala si sheria. Godoro likiwa la povu zito na ngozi ikiwa salama, wengine huvumilia hadi saa nne. Kipimo ni ngozi yake ulivyoikuta mara ya mwisho. Kitanda cha kamba kilicholegea katikati ni hadithi nyingine. Pale matako huzama, na uzito wote hukusanyika mahali pamoja. Mgonjwa wa muda mrefu mtoeni humo, au kamba zikazwe na juu pawekwe godoro nene.

Mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho hapo hesabu hubadilika. Raha yake hutangulia. Tunamgeuza kwa kadiri anavyotaka, pole pole, baada ya dawa ya maumivu kushika. Hilo familia na wauguzi wakae walizungumze waziwazi.

BintiFaza

Sisi tulimuuguza nyanya nyumbani na saa hatukuwa tukiziangalia. Tukafuata adhana. Kila ikiadhiniwa, anageuzwa. Tulikosea?

NesiWaAmu

Hamkukosea, dada. Nimelipenda hili, na nitawaeleza wengine wodini. Adhana haisahauliki, na nyumba nzima huisikia, hivyo hakuna wa kusema "nilidhani fulani amemgeuza".

Ila jazeni mapengo. Huku kwetu karibu na ikweta nyakati hazibadiliki sana mwaka mzima: alfajiri hadi adhuhuri ni zaidi ya saa saba, na isha hadi alfajiri ni saa tisa na zaidi. Hayo ndiyo mapengo yanayozaa vidonda. Asubuhi ongezeni wakati wa chai na saa nne. Usiku gawaneni zamu, mmoja kabla ya kulala, mmoja usiku wa manane, na anayeamka kwa tahajudi, sala ya usiku. Adhuhuri hadi alasiri ni kama saa tatu, na magharibi na isha zimekaribiana.

Na sala yenyewe ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Alikuwako mzee mmoja wodini, nahodha wa zamani, amepooza upande wa kushoto. Kila tukimwambia akae, anakataa, macho ukutani. Tukawa tunamwona mkaidi. Mwenzangu mmoja akaacha habari ya mazoezi, akamuuliza: "Mzee, wewe wasali vipi humu?" Akasema hasali, kwa kuwa hajui kibla kiko wapi na kitanda kimeelekezwa kwingine. Huku Amu kibla ni kaskazini, kimepinda kidogo tu magharibi. Tukakizungusha kitanda. Tukamkumbusha lile alilojua tayari, kwamba Mtume (s.a.w.) alimwambia Imran bin Huswein asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Alasiri ile ile akaomba aketi ukingoni. Mkono wa kulia umeshika ukingo, visigino viwili sakafuni, kile cha kushoto tumekikandamiza kwa upole ili asahau kidogo kuwa kimelegea. Alitetemeka mabega, jasho likamtoka juu ya mdomo. Akamaliza rakaa zake nne ameketi.

Kilichomuinua ni mtu kuuliza anachokitaka.

Msomi_Uuguzi

Mimi ni mwanafunzi. Darasani tumefundishwa Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, na hatua zake za uhusiano wa muuguzi na mgonjwa, lakini pia tunaambiwa tusiwe karibu mno na mgonjwa. Hapa Lamu kila mtu ni jamaa ya mtu. Mipaka inakaaje?

NesiWaAmu

Swali zuri, mwanangu. Peplau aliandika mwaka 1952 kwamba uuguzi ni uhusiano kati ya watu wawili, una mwanzo wa kujuana, una muda wa kufanya kazi pamoja, na una mwisho wa kuagana. Ule mwisho ndio mipaka yenyewe. Ukaribu wako una kazi maalumu: siku ya kwanza anakuegemea wewe, kisha anaegemea bakora yake, kisha anakwenda kwake. Ukiona mgonjwa hataki kusimama mpaka uje wewe tu, mrudishe kwa wenzako pole pole.

Mji mdogo una mtihani wake. Yule uliyemwosha asubuhi utamkuta dukani Mkunguni mwezi ujao, na jirani yako atakuuliza arusini, "Eti fulani amekatwa mguu?" Jibu ni moja: "Mwombeeni." Aliyoyasema akiwa uchi wa maumivu hayatoki mlangoni. Mwili wake nao vivyo hivyo. Funua sehemu unayoishughulikia tu, nyingine ibaki chini ya leso. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana utu wa asili na haki ya utu huo kuheshimiwa na kulindwa. Haikusema utu huvuliwa pamoja na nguo pale mapokezi.

Kaka_Malindi

Huku Malindi tatizo letu ni jingine. Mama hataki kabisa kuguswa na nesi wa kiume, na usiku yuko huyo huyo peke yake. Baba naye hataki binti zake wamwoshe. Inakuwaje?

NesiWaAmu

Mama aulizwe, asilazimishwe. Mara nyingi anachokataa ni kufunuliwa. Binti au mke wa mwana awe upande wa pili wa kitanda, leso mbili zimfunike, nesi ashike leso ya chini badala ya mwili. Atageuka bila mkono wa mwanamume kugusa ngozi yake. Nesi amweleze hilo kabla, na amtazame usoni akimweleza. Kwa baba, mtafute mwana wa kiume au mpwa, mumfundishe. Vijana wetu wengi hawajawahi kuambiwa kwamba hii ni kazi yao pia, na wakifundishwa huifanya vizuri sana.

Mkaazi_Langoni

Nimerudi. Mama yangu sasa amepata kiharusi, ameruhusiwa kurudi nyumbani. Chumba chake ni juu, ngazi za mawe zile za zamani mnazijua, nyembamba na zimesimama wima. Kakangu anataka awe anambeba mgongoni kila siku.

NesiWaAmu

Mungu amponye. Kama kuna uwezekano, miezi ya kwanza alale chini, hata kama ni kukipanga upya chumba cha wageni. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na nyumba zake za mawe ni fahari yetu, lakini aliyezijenga hakumfikiria mgonjwa wa kiharusi.

Kumbeba mgongoni, hapana. Katika mikono yake itakayokuwa shingoni mwa kaka, mmoja umelegea, utateleza. Na hili kila mtu nyumbani alijue: asivutwe kwa mkono uliopooza, wala asiinuliwe kwa kushikwa makwapani. Misuli inayoshikilia bega imelala, kiungo kinaweza kuchomoka, na maumivu yake hudumu miezi.

Kumsimamisha: aketi kwanza ukingoni kwa dakika chache, miguu imegusa chini. Mwulize kama anaona kizunguzungu. Mtu aliyelala muda mrefu akisimama ghafla presha huweza kushuka; tukipima tukaona ya juu imeshuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, tunamrudisha chini. Kiti kiwe upande wake mzima. Kama kina magurudumu, breki zifungwe. Avute miguu nyuma kidogo, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume. Wengi hushindwa kwa kuwa wanaowasaidia huwavuta kwenda juu. Mtu huinuka kwa kwenda mbele kwanza. Wewe simama upande wake dhaifu, zuia goti lake kwa goti lako.

Bakora aishike kwa mkono mzima. Ngazi, akishaweza kutembea sawasawa: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia. Anayemsaidia awe ngazi moja chini yake nyakati zote mbili, nyuma yake akipanda na mbele yake akishuka. Kamba nene au boriti nyembamba ifungwe ukutani upande wa mkono wake wenye nguvu. Zulia la kwenye kituo cha ngazi liondolewe leo.

Na atakapotaka kuchukua kikombe mwenyewe, akimwaga chai, acheni imwagike.

BintiFaza

Na mzazi? Dadangu kajifungua kwa kupasuliwa, mama anasema arobaini nzima asishuke kitandani, akandwe tu.

NesiWaAmu

Arobaini ni kupumzishwa kazi: asipike, asichote maji, asibebe mizigo. Haina maana ya kulala. Aliyepasuliwa huanza kuketi na kusimama ndani ya siku ya kwanza, akisaidiwa, mkono au mto mdogo ukishikilia mshono. Kisha hutembea chumbani, ukumbini, kila siku zaidi kidogo. Mwanamke aliyejifungua damu yake huganda kwa urahisi kuliko kawaida, na kulala tu huongeza hatari.

Mwambie mama kwa adabu, mbele ya dada, kwamba kukandwa mabega na mikono si neno. Tumbo lenye mshono liachwe. Na mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma kwenye shavu la mguu au ukawa na joto, usikandwe kabisa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Damu iliyoganda ikisukumwa inaweza kupanda mapafuni. Akishindwa kupumua ghafla au akaumwa kifua, msingoje kukuche.

Mama zetu hawa hawakatai elimu, wanakataa kudharauliwa. Mfanye yeye ndiye mshika zamu ya kumtembeza.

BintiFaza

Akihitaji kuvushwa kutoka Pate hadi hospitali Amu, chomboni akaeje?

NesiWaAmu

Mpigie simu muuguzi wa zahanati yenu kwanza, aulize kama kuna boti ya wagonjwa. Ikiwa mtatumia chombo cha kawaida, mlazeni chini upande wa nyuma, si kwenye omo. Mbele ndiko chombo kinakopiga mawimbi. Godoro chini yake, jaketi la kuokolea avae, kichwa na mabega vimeinuka kama anapumua kwa shida. Maji yakiwa yamekupwa ngazi za gati huwa ndefu na zina ukoka wa bahari, basi kama hali inaruhusu ngojeni yajae kidogo. Wabebaji wanne, mmoja tu atoe amri, na amri hiyo aisikie mgonjwa pia. Mwenye shaka ya kuvunjika nyonga asipandishwe punda hata kwa hatua chache. Abebwe kwa machela, au mlango ulioondolewa bawabani ukatandikwa godoro.

Mmoja wenu akae karibu na kichwa chake njia nzima, amwambie mlipofika: sasa twapita hapa, sasa Amu yaonekana. Akiwa amelala chini ya chombo haoni ila mbingu, na kila mrusho wa wimbi humjia bila taarifa. Na leso ya pili ichukueni, ya kumfunika mtakapompandisha gatini mbele za watu.